Vitovu Viwili, Shimo Moja

Siku hizi naishi Kilifi kwa mwanangu wa kiume, na baada ya chakula cha mchana hujilaza kwenye kiti cha kamba, nikawa si usingizini si macho. Hapo ndipo ile barabara ya Malindi hunijia. Haiji yote kwa pamoja. Huanza harufu ya vumbi lililomwagiwa maji, ukafuata ubaridi wa ndoo unaogonga paja, kisha kina mama mmoja mmoja, wamevaa kanga mpya, wanatembea polepole kwenye jua la alasiri na watoto wachanga vifuani. Hakuna asemaye neno. Hata mimi, ambaye mama yangu alisema nilizaliwa nikibishana na mkunga, humo ndani hunyamaza nikawatazama wakipita.

Ilikuwa miaka ya themanini. Kila ukifungua redio uliambiwa panda mti, na sisi watu wa mtaa tukaunda kamati yetu ya kupanda miarobaini kwenye barabara iendayo hospitali. Barabara hiyo ilikuwa tupu, jua linakushika kuanzia sokoni mpaka langoni, na mgonjwa alifika akiwa na ugonjwa aliotoka nao nyumbani na mwingine aliouokota njiani. Hatukulipwa na mtu. Mwenyekiti nikachaguliwa mimi, na nilipouliza kwa nini mimi, nikajibiwa bila haya kwamba ni kwa sababu barazani kwangu kulikuwa na viti vya kutosha. Nilicheka nao. Lakini kazi niliichukua, na nikiichukua kazi mimi huwa siipendi ichezewe.

Sheria yangu ya kwanza ilikuwa hii: asiyebeba ndoo juma hilo hana kauli mkutanoni. Ruhusa aje, anywe kahawa ya tangawizi, atafune kashata, ila mdomo wake uishie kwenye kashata. Wenye maneno matamu walitukimbia mapema. Tukabaki wachache, wenye sugu viganjani, na mikutano ikawa mifupi.

Makamu wangu alikuwa fundi seremala kutoka bara, mtu mrefu, mpole, ambaye kwao alikulia jirani na kitalu cha miche. Yeye ndiye aliyetwambia kila shimo tupande miche miwili, mmoja ukifa mwenzake ubaki.

"Na ikishika zote mbili," alisema kwa Kiswahili chake cha bara, "ile dhaifu tunatoa. Hizi miti haziwezi kaa mbili mbili."

Tukakubali sote. Mkunga wetu naye aliitikia kwa kichwa, nilimwona. Huyu alikuwa bibi wa Kigiriama kutoka upande wa Kaloleni, aliyekuwa amezalisha nusu ya mtaa. Katika kamati hakuwa na cheo chochote, lakini hapakuwa na mtu aliyethubutu kumkatiza maneno.

Kaskazi ikaingia na joto lake, na wabeba ndoo wakapungua. Kisima cha karibu maji yake yalikuwa ya munyu, hayakufaa mche, bomba lilikuwa mbali, na miche ikaanza kuinamisha vichwa. Nilizunguka nyumba kwa nyumba nikigomba mpaka sauti ikanikauka. Watu waliniambia inshallah, kesho, na kesho yao naijua. Ndipo siku moja barazani mkunga akaweka kikombe chini, akasema:

"Mwenyekiti, utagomba bure. Mti wa kamati hauna mama. Upe mama."

Kwetu pwani, kitovu cha mtoto kikidondoka huzikwa, na hapo kilipozikwa ndipo kwao mtu huyo, hata akienda kuishi Ulaya. Mara nyingi hupandwa mnazi juu yake. Lakini Malindi ilikuwa imejaa watu wa kupanga vyumba, wengine wametoka mbali kufuata kazi za hotelini, hawana ua wa kuzika kitu wala pa kupanda mnazi. Mkunga alisema hao wapewe mashimo yetu, kila shimo lipate kitovu, kila kitovu kitaleta maji.

Nilidhani ni mzaha, nikacheka. Kazi ya kuvizika aliichukua yeye mwenyewe, kitovu kikidondoka akipeleke shimoni, na baada ya muda sikucheka tena. Mama mzazi alipotimiza arobaini yake akatoka ndani kwa mara ya kwanza, amefukizwa udi, macho yamepakwa wanja, safari yake ya kwanza haikuwa kwenda kusalimia jamaa. Ilikuwa kwenda barabarani kumwagilia mti wa mwanawe. Alichota kwa kata, akamimina kidogo kidogo, mtoto kifuani, na mashoga zake nyuma wameshika ndoo. Kesho yake akaja tena. Hata wale wa kutoka bara, ambao kwao hawakuwa na desturi hiyo, waliipenda wakaifuata. Alasiri yote barabara ile ilinukia udi na udongo mbichi, na mimi nilikuwa nikitoka nyumbani bila haja yoyote, nikasimama tu pembeni niwaone. Nilikuwa na furaha ambayo sijui niiite nini.

Miti ikashika. Yote. Hakuna mche hata mmoja uliokufa, na hapo ndipo balaa letu lilipoanzia.

Miaka kama mitatu ikaenda, miarobaini ikapita urefu wa mtu, ikapita urefu wa mlango. Kwenye kila shimo miwili ikawa inasongana, inanyang'anyana maji, majani yakaanza kugeuka manjano kabla ya wakati. Makamu akaja na msumeno wake, akasema siku imefika, mmoja mmoja utoke. Nikatuma habari kwa kina mama: msiwe na wasiwasi, mti wa kila mtoto utabaki, tunaondoa ule wa ziada tu.

Asubuhi yake baraza langu likajaa wanawake, viti havikutosha. Hapakuwa na mti wa ziada. Kila shimo lilikuwa na vitovu viwili, nami wawili niliowaona wakimwagilia shimo moja nilidhani wanasaidiana tu.

Nilimgeukia mkunga. "Bibi, si tulisema shimo moja mtoto mmoja?"

"Watoto walizidi mashimo."

"Na ulijua kwamba mti mmoja utang'olewa!"

"Nilijua," akasema, wala hakutikisika. "Sasa wewe mwenyekiti, mama yuko ndani ya arobaini akikupa kitovu cha mwanawe amekifunga kwenye pindo la kanga, wamwambiaje? Kaa nacho?"

Nilikasirika mpaka nikaenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Dawa aliitoa yeye mwenyewe mkunga. Mti utakaotoka, alisema, mama yake achote mchanga wa shinani, aende nao atakako, apande mti mwingine juu yake. Kitovu kitakuwa kimehama nyumba, kama watu wanavyohama. Na mti wa kutoka ni ule dhaifu, kama alivyosema fundi, bila kutazama ni wa nani. Basi tukaanza, shimo baada ya shimo. Kulikuwa na machozi, kulikuwa na vicheko pia. Mmoja alibeba mchanga wake mpaka Mtwapa, mumewe alikopata kazi, ameukumbatia kwenye mkoba tangu alipotoka Malindi. Mwingine aliupeleka Kaloleni kwa wazazi wake.

Likabaki shimo moja, lile la langoni pa hospitali.

Mti mmoja hapo ulikuwa mrefu, umenyooka, una kivuli cha kutosha watu kukaa. Huo ulikuwa wa binti wa mama mmoja aliyekuwa akiuza mbaazi na mahamri asubuhi. Wa pili ulikuwa mwembamba, umejipinda ukitafuta jua. Huo ulikuwa wa mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, ambao wote wawili walikuwa wakiishi kwangu. Wasichana hao walizaliwa juma moja, mkononi mwa mkunga yule yule. Na yule wa mama mbaazi alikuwa amefariki kwa surua mwaka uliotangulia.

Mama yake hakuacha kuleta maji. Ila hakuja alasiri kama wenzake. Alikuja maghribi, akamwaga ndoo yake, kisha akakaa chini, mgongo kwenye shina, mpaka kiza kiingie na mlinzi wa hospitali awashe taa ya langoni. Ndipo ainuke aende zake. Mimi sipendi mtu akae kazini wakati kazi imekwisha, na mara moja nilimwambia:

"Mwanangu, maji yameshanywewa. Wamngoja nani?"

"Nakaa kidogo tu, mama," akanijibu.

Binti yangu aliposikia kwamba zamu ya shimo lile imefika, alinifuata jikoni. "Mama, huwezi kukata mti wa mtoto aliye hai ukauacha wa aliyekufa. Watu watakucheka. Na mwanangu ana homa kila mwezi, wewe waijua."

Niliijua. Mimi niliyewacheka wengine kwa hofu hiyo hiyo, kwamba mti ukikatwa mtoto huugua, nilikuwa kila nikipita karibu na yule mtoto namgusa paji la uso. Niliogopa, na ninasema niliogopa. Usiku na mchana niliuona ule mti mwembamba ukianguka.

Mkutano uligawanyika katikati. Upande mmoja walisema sheria ni sheria, dhaifu utoke. Upande wa pili walisema aliye hai kwanza. Basi nikaagiza mama mbaazi aitwe, kwa sababu hakuna aliyebeba ndoo kumshinda. Alikuja akakaa ukingoni mwa jamvi, ingawa kiti kilikuwapo.

"Wewe una kauli kuliko sisi sote," nikamwambia. "Sema, tutakusikiliza."

Alitazama mikono yake. Kisha akatikisa kichwa kukataa.

Macho yote yakanirudia. Nilikumbuka wale waliochota mchanga wao bila kunibishia, yule wa Mtwapa na mkoba wake. Nikasema mti mwembamba utoke. Binti yangu akainuka akaingia ndani, na kikombe chake kikabaki kimejaa.

Siku ya kukata alikuja, lakini hakunisemesha. Alimbeba mtoto ubavuni, na mkono wa pili alishika sahani ya bati ya kuchotea mchanga. Makamu alijaribu kuung'oa mti, haukutoka. Mizizi ya miwili ilikuwa imesukana, huwezi kujua huu ni wa nani. Basi akaukata chini kabisa, taratibu, akauweka kando bila kuuangusha. Binti yangu akamshusha mtoto, akapiga magoti akaanza kufukua kwa vidole.

Sahani ilipokaribia kujaa nikamwona mama mbaazi anakuja, mapema kuliko kawaida yake, ndoo mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akatua ndoo. "Nimekuja kuitumia ile kauli yangu, kama bado ninayo."

"Unayo."

Hakunitazama mimi tena. Alimtazama binti yangu. "Naomba huo mchanga usiuchukue, dada."

Binti yangu akainua uso. "Mti wako tumekuachia. Na mchanga wa mwanangu pia wautaka?"

"Siutaki uwe wangu," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Mwanangu alikuwa hawezi kulala peke yake. Kiza kikiingia hulia, mpaka mtu akae karibu. Ndiyo maana huja nikakaa naye hapa mpaka taa iwashwe. Lakini usiku kucha siwezi, dada, nina wengine nyumbani. Nikiondoka hujiambia basi, yuko na mwenziwe hapo chini."

Makamu aliushusha msumeno. Mimi nilikumbuka kwamba hapo uenyekiti wangu haukuwa na kazi. Binti yangu alibaki kwenye magoti yake, sahani mapajani. Mjukuu wangu alitumbukiza mkono sahanini, akachezea mchanga, akacheka peke yake.

Kisha binti yangu akaumimina wote shimoni. Akausawazisha, akawa anaupigapiga polepole kwa kiganja, kama anavyombembeleza mtoto akitaka alale. Mama mbaazi akamwaga maji yake juu. Wakakaa chini, bega kwa bega, mtoto katikati yao, na mimi nikajishusha hapo hapo mavumbini na kanga yangu nzuri.

Adhana ya maghribi ikapita. Hakuna aliyeinuka mpaka mlinzi alipowasha taa.

Kwenye mkutano uliofuata niliwaambia wanakamati kwamba kuna zamu mpya langoni pa hospitali, si ya kubeba maji, ni ya kukaa usiku ukianza, ili yule mama aweze kwenda kwa watoto wake mapema. Niliwatazama nikingoja atakayeuliza maana yake nini. Mkunga alisema Jumamosi ni yake. Makamu akasema yeye atachukua Jumapili baada ya kanisa. Na binti yangu, ambaye hakuwa mwanakamati, akasema kutoka mlangoni kwamba usiku wa leo ni wake, mtu ampe ndoo naye apate kauli.