Mlo wa Uyoga Usio na Jina

Kazi yangu ni kuchimba chini ya mizizi ya miti, nikitafuta uyoga usiotoka kamwe juu ya udongo. Lubumbashi nzima inachimba shaba. Mimi nachimba uyoga, tena wa kuangalia tu. Watu hunionea huruma.

Masika yale, kwenye msitu wa njia ya Kinsevere, nilipata vibonge vitano, vidogo kama viazi vya mwisho wa gunia, ndani rangi ya zambarau. Nilipekua vitabu siku tatu. Hakuna aliyewahi kuuandika. Lakini picha haitoshi: ili uyoga upewe jina, lazima kibonge kikavu kihifadhiwe kabatini, wengine waje kulinganisha. Umeme wa maabara ya chuo ulikuwa umekatika, basi nikavipeleka nyumbani vyote, nikavikata vipande na kuvianika juu ya mbabula, jiko la makaa. Furaha ile sikuwa na wa kumwambia. Mke wangu na watoto wako Ubelgiji miaka sita sasa, na simu zetu zimebaki za salamu.

Jumamosi jirani yangu, mama mjane anayeshika ufunguo wangu, alikuja kunipikia kama kawaida yake. Tulikula bukari, ugali wa kwetu, na mboga ya karanga. Nilikuwa kwenye tonge la nne nilipoona zambarau ndani ya bakuli: uyoga wangu, bowa kwa lugha ya mtaani.

“Mama, hii bowa ulitosha wapi?”

“Juu ya mbabula. Nikasema leo tuikule.”

“Yote?”

“Yote. Iko mubaya?”

“Siyue, mama. Hakuna muntu alishaikula.”

Nilikasirika, kisha nikaogopa. Kosa lilikuwa langu: nani huanika jikoni kitu asichokijua, katika mji unaopenda uyoga hivi? Nilitaka twende hospitali. Alikataa, akacheka, akavuta kiti.

“Basi tungojee.”

Tukangoja. Mchana kutwa nilimsimulia jinsi uyoga unavyoilisha mizizi na mizizi inavyoulisha, naye akauliza maswali ambayo hata wanafunzi wangu hawaulizi. Uyoga wangu ulikuwa umekwisha, na maji yakimwagika hayazoleki, lakini sikuuwaza sana. Jua lilipoteremka aliinuka, akakaza kitenge chake.

“Tumbo yangu iko bien. Narudia ku nyumba.”

Nikamwambia sumu nyingine za uyoga huchelewa mpaka kesho yake. Ni kweli, imo vitabuni. Ila sikuisema kwa ajili ya sumu. Nilikuwa nimechoka kukaa peke yangu.

Aliniangalia sana, akaketi.