Hita ya Vaileth na Ndoo ya Namba Saba

Mwanangu Vaileth ana miaka ishirini na sita, na nyumbani kwetu Wazo hakuna kitu cha umeme kilichowahi kutupwa kabla hajakifungua yeye. Pasi, redio, feni ya jirani, vyote vimepita mikononi mwake. Mimi niliishia darasa la saba kule Tukuyu, kwa hiyo sikuwa na la kumfundisha zaidi ya kumwambia achomoe waya kwanza. Hilo nimelisema mpaka siku hizi nikifungua mdomo ananiambia, "Nimeshachomoa, mama."

Alisoma ufundi umeme VETA, kisha akapata kazi kwa fundi wa mafriji pale Mwenge. Mimi nafua mashuka kwenye gesti moja ya Sinza yenye vyumba kumi. Mwenye gesti tunamwita Mama Deo, na huu ni mwaka wa saba niko naye.

Gesti ile ilikuwa na hita zile za dukani zinazofungwa kwenye shawa, hazina tanki, maji yanapita tu na kupata moto hapo hapo. Zilikuwa zinakula umeme vibaya. Wageni wanne wakioga asubuhi kwa pamoja, breka inakatika, na mmoja wao anatoka na povu usoni kuuliza kulikoni. Tena maji ya pale ni ya kisima, yana chumvi, na ile chumvi ikishakula vyuma vya ndani ya hita, bomba linaanza kupiga shoti. Mimi lilinipiga siku moja nikisugua bafu la namba nne. Halikunidhuru, lakini tangu siku hiyo naligusa kila bomba kwa mgongo wa kidole kwanza, hata la kanisani.

Nilipomsimulia Vaileth sikupewa hata pole. Aliuliza ile hita imeandikwa nini ubavuni. Kesho yake nikamnakilia tarakimu kwenye karatasi ya sabuni, akaisoma, akacheka peke yake. Akaniambia, tukiwa tunachambua dagaa, kwamba hita zile zimetengenezwa kwa ajili ya watu wa baridi kali. Huko maji yanatoka bombani kama ya kwetu Tukuyu mwezi wa saba. Ya Dar yanatoka tayari yana uvuguvugu, kwa sababu matanki yanashinda juani.

"Mtu anataka kusogezwa hatua tatu tu, mama," alisema. "Ya nini kumletea lori?"

Ndipo alipoanza kutengeneza hita yake. Miezi minane meza yetu ya chakula ilikuwa yake, sisi tukila na sahani mapajani. Alichukua mabomba membamba ya shaba yaliyotolewa kwenye friji zilizokufa, akayazungusha kama kata ya kubebea maji kichwani, na chuma cha moto akakiweka nje ya bomba, ili maji ya chumvi yasikiguse kabisa. Akaweka kidude cha kupima joto la maji yanapoingia. Yakiwa tayari na joto la jua, hita inaongeza kidogo. Yakiwa ya alfajiri, inaongeza zaidi. Umeme wake wote haukufika nusu ya ule wa hita za dukani. Ya kwanza ilivuja. Ya pili iliunguza ubao wa meza, na alama ipo mpaka leo. Ya tatu ilikaa. Usiku wa kuijaribu nilisimama mlangoni nimeshika mkono wa ufagio, nimekwishaambiwa kwamba mti mkavu haupitishi umeme, tayari kumsukuma akipigwa shoti.

Mimi ndiye niliyemwomba Mama Deo. Nilimngoja mpaka amalize kulalamika jinsi umeme wa LUKU unavyoisha haraka, nikamwambia binti yangu ana hita. Akasema atatoa chumba kimoja, namba saba, kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Wageni wasipolalamika, atamruhusu Vaileth afunge vyumba vyote na atamwandikia barua ya kuonyesha kwenye gesti nyingine. Wakilalamika, anaing'oa na kurudisha ile ya dukani kama watu wengine. Vaileth alikuwa amekwishamwambia fundi wake wa Mwenge kwamba barua hiyo akiipata anaacha kazi na kusimama mwenyewe. Nilipolijua hilo, usingizi ulinihama.

Jumatatu alifunga. Aliunganisha hita na shawa, na kwa huruma yake akaunganisha pia bomba la chini, mgeni akitaka kufua soksi apate maji ya moto. Akasimama chini ya shawa na nguo zake, akatoka amelowa na anatabasamu.

Jumanne asubuhi mgeni wa namba saba alirudisha ufunguo akasema maji ni vuguvugu. Jumatano mgeni mwingine, mfanyabiashara wa kahawa kutoka Bukoba aitwaye Revelian, alisema hivyo hivyo, na akaongeza kwamba hata mate yake yana moto kuliko yale maji. Gregori, kijana wa mapokezi mwenye ulimi mrefu, alilipenda sana neno hilo. Kila nilipopita na beseni ananiuliza, "Mama Vaileth, hita imeamkaje leo? Homa imeshuka?"

Vaileth alikuja Jumatano jioni akiwa na kipimajoto. Akafungua shawa, akapima. Moto sawasawa. Akapima tena, vilevile. Akakaa kwenye kitanda cha namba saba, godoro halijatandikwa, akasema wageni ni waongo, au Gregori anawalisha maneno. Uso wake ulikuwa ule wa utotoni, siku aliyorudi na ripoti ya hesabu ya mtoto mwingine, amepewa kimakosa. Mama Deo alipita mlangoni, akatazama hita, akasema makubaliano ni mpaka Jumamosi, hataing'oa kabla.

Mimi kazi yangu ni kuangalia. Anayefua mashuka ya watu anajua mengi kabla ya kuambiwa. Alhamisi asubuhi, mgeni alipotoka tu, niliingia namba saba kabla ya kugusa chochote. Ukuta chini ya shawa ulikuwa mkavu. Juu, kwenye matundu ya shawa, buibui alikuwa ameanza nyumba. Ila pembeni ndoo kubwa ilikuwa imelowa, kopo likielea ndani yake, na sakafu kuizunguka ilikuwa na sabuni. Nikaenda namba nane, namba tisa. Kila mahali ndoo imelowa.

Niliogopa kumpigia. Aliyesoma ni yeye. Nilifua mashuka mawili, nikayasuuza, nikayaanika, ndipo nikapiga.

"Vaileth," nikamwambia, "leo asubuhi umeoga vipi?"

"Mama, niko kazini."

"Nijibu tu. Umeoga vipi?"

"Kwa ndoo. Kwani nyumbani tuna shawa?"

Nilisikia nyundo ya fundi wake ikigonga huko nyuma.

"Wanakinga," akasema taratibu. "Wanakinga kwenye lile bomba la chini."

Alikuja mchana huo huo, ameomba ruhusa. Alinieleza akiwa amepiga magoti bafuni. Hita yake ilipangwa kwa ajili ya mtu anayesimama chini ya matundu madogo, maji yakishuka kidogo kidogo. Mgeni anayekinga ndoo anafungua bomba mpaka mwisho, maji yanapita mbio, hayapati nafasi ya kuota moto. Hakukuwa na mwongo. Yeye aliyekulia kwenye ndoo na kopo alikuwa amebuni kwa ajili ya watu wa kwenye vitabu vya VETA. Alilisema hilo mwenyewe, huku akijipiga paji la uso kwa bisibisi.

Dawa yake ilikuwa ndogo. Alikata washa, ile pete ya plastiki ya kwenye bomba, akaitoboa tundu dogo kama punje ya mtama, akaiweka kwenye bomba kabla ya hita, maji yasiweze kupita kwa haraka hata bomba lifunguliwe vipi. Tatizo likabaki moja. Ndoo kubwa sasa ilihitaji dakika kumi kujaa, na mgeni hangojei dakika kumi. Hapo nikamwambia ninachokijua. Hakuna anayemaliza ndoo ile. Kila asubuhi namwaga nusu yake. Nikaenda stoo, nikaleta ndoo ndogo ya lita kumi ninayochotea dawa ya madoa, nikaisugua, tukaikinga. Dakika tano. Nikachovya kiwiko, kama nilivyokuwa nikipima maji ya kumwogeshea yeye akiwa mchanga. Yalikuwa sawa. Sikuwa nimeligusa bomba kwa mgongo wa kidole kwanza, na nilikumbuka hilo baadaye, nikiwa nyumbani.

Ijumaa mgeni aliondoka bila neno. Gregori alimuuliza makusudi kuhusu maji, yule akashangaa. "Maji yana nini?" akauliza, akaenda zake.

Jumamosi Mama Deo alikuja na taulo begani. Aliingia namba saba mwenyewe, akafunga mlango. Vaileth alikaa kwenye ngazi akifunga na kufungua kamba ya kiatu. Mimi nilikuwa nakamua shuka ambalo halikuwa na tone tena. Tulisikia ndoo ikijaa, kisha kopo, kisha ndoo ikijaa tena mara ya pili.

Alitoka akiwa amejifunga khanga, nywele zimelowa, hana haraka. Akaenda moja kwa moja kwenye mita ya umeme ukutani, akaisoma akiwa ameinama, akasimama. Vaileth hakumtazama, wala yeye hakumtazama Vaileth. Alinigeukia mimi.

"Mama Vaileth, Jumatatu ukipita Manzese nichukulie ndoo ndogo tisa. Rangi moja."

Gregori alihesabu vidole vyake mezani kimyakimya, kumi kasoro kimoja. Kisha akainuka, akaenda kumsaidia mwanangu kubeba boksi la vyuma.

Barua ipo nyumbani, juu ya kabati, ndani ya Biblia. Vaileth ana mkutano na gesti ya pili wiki ijayo. Nimemwambia kabla ya kupima chochote aingie kwanza bafuni aangalie ndoo. Na achomoe waya.