Mwanangu ameponywa macho, nami nimemwambia aendelee kuwa kipofu

Admin, nifichie jina na kijiji changu, maana huku kwetu tunajuana mpaka mbuzi. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne, naishi upande wa Hombolo, kazi yangu ni vibarua kwenye mashamba ya zabibu ya watu. Mume wangu alikwenda kutafuta maisha, na maisha aliyoyapata huko yana mke mwingine. Namlea binti yetu peke yangu. Nimuite Nyemo, ana miaka kumi. Haya ninayoandika hata mchungaji wangu hayajui.

Nyemo alizaliwa mzima. Alipofika miaka minne akaanza kugongagonga vitu, na baadaye ikawa hajui ni nani kaingia ndani mpaka mtu aongee. Watu wakasema karogwa, nami nilizunguka kwa waganga mpaka nikachoka. Aliyetuokoa ni mwalimu mmoja aliyepita akitafuta watoto wenye ulemavu waliofichwa majumbani. Akamchukulia nafasi kwenye shule ya msingi yenye kitengo cha wasioona, ya bweni. Pale serikali inalipia kila kitu: chakula, godoro, sabuni, sare, hata ile mashine yao ya kuandikia nukta wanazosoma kwa vidole. Likizo ya kwanza alirudi na mashavu. Mimi sikuwahi kumpa mashavu mwanangu.

Mwaka huu madaktari wa macho walikuja hospitali ya mjini, matibabu bure. Taarifa niliipata kwa jirani yangu, Mama Chiku. Yeye binti yake Chiku, mwenye miaka saba, haoni kabisa. Tukaenda wote. Chiku wakampima wakasema mshipa wa jicho umekufa, hakuna la kufanya. Nyemo wakasema ni mtoto wa jicho, wakampasua. Mama Chiku alishangilia kuliko mimi, na wa kwake kambeba mgongoni. Yule mama ana moyo ambao mimi sina, na mtaona.

Walipotoa bandeji Nyemo akaniangalia muda mrefu, akasema, "Mama, kumbe umezeeka!" Wauguzi walicheka, nami nikacheka mpaka nikalia. Daktari akampa miwani mizito, akaniambia, "Mama, avae kila siku. Jicho la mtoto lisipofanyishwa kazi linasahau kuona, na likishasahau sisi hatuna la kufanya."

Furaha yangu iliishia njiani tukirudi. Mlezi wa bweni alishatuambia wazazi kwamba nafasi zile ni za wasioona, mwenye kuona anarudi shule ya kwao. Na kwetu mtama umekauka ukiwa magotini. Tunakula mlenda na ugali mara moja kwa siku, siku nyingine mlenda wenyewe. Msije mkaniandikia kwamba elimu ni bure, najua ni bure. Lakini shule yetu ya kijiji uji ulikuwa wa michango ya wazazi, na mwaka huu hakuna wa kuchanga, kwa hiyo jiko limefungwa. Mtoto anatembea asubuhi yote na tumbo tupu, na jioni anarudi nalo hivyohivyo.

Basi shule zilipokaribia kufunguliwa nikamwambia, "Usimwambie mtu yeyote. Shika fimbo yako kama zamani."

"Na miwani?"

"Itakaa kwangu."

Hakulia. Aliniuliza tu, "Mpaka lini, mama?" Nikajifanya natafuta kiatu.

Mama Chiku nilimdanganya kwamba upasuaji haukushika, ukungu umerudi. Akalia na mimi. Kisha akafunga siku nzima kumwombea mwanangu macho ambayo anayo. Nilikaa naye kwenye maombi nimeinamisha kichwa, naitikia amina.

Siku ya kutembelea watoto nilipoingia getini, Nyemo alikuwa amekaa barazani na wenzake. Aliniona. Mama anajua mtoto wake akimwona. Miguu yake ikataka kuinuka, halafu akajizuia, akageuza uso ukutani, akasubiri nifike na kumwita jina. Ndipo akanyoosha mikono akinipapasa usoni, mbele ya walimu, kama tulivyokubaliana. "Shikamoo mama." Hasira niliyoisikia siku ile sijui ilikuwa ya nani, lakini iliniunguza mimi.

Juzi Mama Chiku kaja. "Mwenzangu, nimekwenda kule shuleni kumwombea Chiku. Wanasema vitanda vimejaa, mpaka atoke mmoja ndiyo aingie mmoja. Wewe yule mwalimu aliyemchukua Nyemo anakusikiliza. Jumatatu twende wote ukanisemee."

Nikasema sawa. Ningesemaje, wakati kitanda anachokitafuta kakilalia mwanangu?

Jana jioni Nyemo akanipigia kwa simu ya mlezi, ananong'ona. "Mama, ile saa ya ukutani bwaloni, namba zake nilikuwa naziona. Sasa sizioni tena." Nikanyamaza. Akadhani nimekasirika, akasema, "Usiogope mama. Sasa hivi hata wakiniuliza, sidanganyi."

Ndugu zangu, nimekwama. Nikimtoa, anakuja kula nini huku? Nikimwacha, namrudisha gizani kwa mikono yangu, na Chiku naye namfungia mlango. Nikisema ukweli, Mama Chiku sitamtazama tena usoni, na naogopa walimu wataniripoti. Wa kuniambia nimwachie Mungu naomba apite kimya, maana Mungu alishafanya ya kwake pale hospitali. Matusi nitayapokea, nimeyastahili. Ila kati ya matusi yenu, mmoja aniambie Jumatatu nikisimama mbele ya yule mwalimu, Mama Chiku yuko pembeni yangu, nifungue mdomo niseme nini.