Nilihamisha ujumbe wa konsoli ya Bi Mwanahawa kwa kumwonea huruma, barua ya kujieleza ikamwangukia yeye

Wakuu, salaam kwenu nyote, wakubwa shikamooni.

Hili limenitokea mimi mwenyewe, si rafiki wa jirani yangu. Wa kusema natunga, "hii chai", nawakaribisha, ila sukari waje nayo.

Mimi ni mzaliwa wa Bagamoyo mjini, nafanya kazi kwenye kituo cha kompyuta cha shirika moja huku Kerege. Jina la shirika silitaji, bado nalitaka kibarua changu.

Tuna mainframe, yaani ile kompyuta kubwa ya kati. Najua kuna vijana humu wanadhani hayo madude yalikufa na babu zao. Wallahi hayajafa. Kumbukumbu za wanachama wetu nchi nzima ziko humo, na kila dirisha la huduma linaiuliza hiyo hiyo.

Niwaeleze kidogo, maana mimi hii mashine naihusudu.

Kutwa nzima inasema. Tepu inatakiwa, diski inajaa, programu imeisha, mtu kakosea nywila. Maelfu ya ujumbe kwa siku. Sasa ungemmwagia mtu mmoja yote hayo angekimbia kazi.

Kwa hiyo kila ujumbe unatoka na namba ya njia. Wa tepu una namba yake, wa diski yake, wa usalama yake. Na kila konsoli, yaani ile skrini ya mwendeshaji, imeambiwa ipokee namba zipi. Ni kama msiba wa kwetu: wa sanda anaambiwa sanda, wa kaburi anaambiwa kaburi, wa sufuria anaambiwa sufuria. Hakuna anayepiga kelele uwanjani.

Tena ujumbe wa kawaida unapita na kupotea juu ya skrini. Lakini ule unaouliza swali unapewa namba na unakaa pale pale mpaka mtu aujibu. Na ujumbe ukikosa kabisa mwenyewe, kuna konsoli imeteuliwa kupokea hao mayatima.

Aliyetengeneza kitu hiki alikuwa na akili, aisee.

Haya. Konsoli kubwa anakaa Bi Mwanahawa. Mtu wa Pangani, umri wa mama yangu, amekaa mbele ya hizo skrini kabla mimi sijaota meno. Alinifundisha kazi kwa mkono wake. Amebakiza miezi miwili astaafu.

Mwaka huu alifanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho. Akarudi kazini na miwani myeusi, anaisogelea skrini mpaka pua inataka kugusa kioo.

Roho ikaniuma.

Nikafanya nini? Nikahamisha njia za tepu na diski kutoka konsoli yake kuja kwangu. Na ule upokeaji wa mayatima nao nikauchukua. Akabaki na ujumbe mchache, mwepesi.

Sikumwambia. Wa pwani mtanielewa. Mtu mzima humwambii usoni kwamba umeona haoni. Unambebea mzigo kimya kimya, unajifanya hukuuona. Ndivyo tulivyolelewa.

Siku tisa mambo shwari. Siku moja akasema, "Mashine imetulia siku hizi, kama imepewa mume." Nikacheka, nikajiona mtu wa maana sana.

Jumanne asubuhi ikapigwa simu: mjomba wangu wa Saadani amefariki. Nikaomba ruhusa kwa meneja, nikafunga konsoli yangu kama sheria ya usalama inavyotaka, nikaondoka. Njia nilizohamisha sikuzikumbuka hata kwa dawa.

Saa nne programu ya kumbukumbu za wanachama ikaomba tepu. Swali likatafuta konsoli ya tepu. Hakuna. Likatafuta ya mayatima. Hakuna, nimeifunga.

Sasa oneni. Halikutupwa. Likaandikwa kwenye log, lile daftari la mashine lenyewe, likashika namba yake, likangoja. Programu nayo ikangoja. Madirisha yakasimama, watu wamepanga foleni na kadi mkononi, mpaka saa tisa alasiri.

Muda wote huo Bi Mwanahawa anatazama skrini safi.

Madirishani walidhani ni mtandao; simu zilipoanza kummiminikia, akaandika amri ya kuuliza maswali yasiyojibiwa. Lile hapo. Akaweka tepu, akajibu, kazi ikaendelea.

Niliporudi Alhamisi nikakuta barua. Bi Mwanahawa anatakiwa ajieleze kwa nini alikaa saa tano bila kujibu mashine. Huko korido wanasema macho yamekwisha, bibi alikuwa anasinzia. Meneja anataka kumwondoa kwenye konsoli, na onyo liingie kwenye faili lake. Miaka yote ile, aondoke na doa!

 Na sitajisafisha hapa: nilinyamaza siku nzima, hata Bi Mwanahawa nikamkwepa. Mkataba wangu ulikuwa unangoja kusainiwa upya. Usiku sikulala.

Ijumaa asubuhi nikafungua log. Nasema ukweli, nilikuwa naomba nisijione mle. Loh! Amri zangu zote ziko pale, jina la konsoli yangu pembeni, saa, dakika na sekunde. Ile kitu haisengenyi mtu, lakini haisahau.

Nikamfuata Bi Mwanahawa.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Pole na msiba. Mmezika salama?"

"Tumezika. Bi Mkubwa, ile Jumanne ni mimi." Nikamwaga yote.

 Akavuta mtoto wa meza, akatoa karatasi. Ni ukurasa wa log, amri zangu zimepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu.

"Nimeiona Jumanne ile ile, simu bado zinalia."

"Mbona hukumpelekea meneja?"

"Ulikuwa unazika. Mtu yuko makaburini simchongei mie."

"Lakini barua unatakiwa kuijibu leo."

"Najua. Ndiyo maana tangu asubuhi natazama mlango."

Nikashindwa kumwangalia.

Akasema tena, na hapa sauti ilibadilika: "Macho yangu nayajua. Nimeshakuza maandishi ya skrini, nasoma kuliko wewe. Pua naisogeza kwa mazoea tu. Ungeniuliza ningekwambia. Wewe umenipokonya kazi yangu, kisha ukaiita heshima."

Tukaenda kwa meneja, nikasema mimi kwa mdomo wangu. Barua yake ikafutwa mbele yetu, onyo nikapewa mimi. Mkataba umesainiwa, lakini kwa miezi sita tu. Sina la kulalamika.

Tuliporudi, Bi Mwanahawa akanisimamisha kwenye konsoli kubwa nirudishe njia zote, moja moja, huku yeye ananitajia amri kwa kichwa bila kutazama kitabu. Nilipomaliza, ujumbe wa tepu ukaingia kwake. Akaujibu kabla sijamaliza kuusoma.

Nimejifunza hivi: mashine ile, kwa fujo yake yote, haiamui kwamba fulani hawezi. Inampelekea mwenye kazi kazi yake, inangoja jibu. Mimi niliyefundishwa adabu ndiye niliyeamua kwa niaba ya mtu bila kumuuliza.

Wangapi humu mmemfanyia mzazi au bosi wenu hivyo, mkaficha ugonjwa, mkaficha habari, mkasema "tusimsumbue"? Semeni na nyie. Matusi pia nayapokea, nimeyachuma mwenyewe.