Maji ya Kulwa

Juzi nilivuka na kivuko hadi Nansio, nikachukua bodaboda mpaka kijijini kwetu, kuliona kanisa la zamani. Watu wa mambo ya kale wamesema lina thamani, halibomolewi tena. Nilifurahi, ndugu yangu, nilifurahi sana, mpaka nilipoinua macho. Paa lote limefungwa mifereji ya bati, inakinga mvua na kuipeleka kwenye tangi.

Mimi ni Doto. Kwetu mtu akisikia hivyo lazima aulize Kulwa yuko wapi, na utotoni niliulizwa hadi nikachoka. Bibi ndiye aliyejibu: "Yupo kanisani." Wageni walidhani pacha wangu ni mtumikiaji wa altare, wakamsifu kwa uchaji wake.

Kanisa lilikuwa la mawe na matofali ya kuchoma, na ndani lilinuka ubani na popo. Lakini mimi nalikumbuka zaidi kwa nje. Mvua ikianza, hata kama tulikuwa tunaanua dagaa mchangani, bibi aliacha ungo hapohapo, akanishika mkono tukakimbia hadi ukuta wa upande wa ziwani. Wenzetu waliikimbia mvua, sisi tuliikimbilia. Matone ya paa yalikuwa yamechimba mchirizi mwembamba ardhini. Bibi alinisimamisha kando yake.

"Nyamaza," aliniambia. "Mwenzio anaoga."

Nilinyamaza. Sikutanii, nilisikia pumzi ya mtoto chini ya yale matone, ikienda sawa na yangu. Tukirudi nyumbani kula michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, bibi alitenga kwanza kipande kimoja pembeni, nami sikukigusa hata njaa iniume vipi.

Habari yenyewe alinipa nilipopata kipaimara. Kulwa alitangulia kuzaliwa, akatoka dhaifu. Kila Mkatoliki anajua mtoto akiwa hatarini mtu yeyote anaweza kumbatiza, ni maji tu na yale maneno. Bibi aliuendea mtungi, akaukuta mkavu. Sisi, wenye ziwa mlangoni! Alikimbia ziwani na kata. Aliporudi, mimi nalia, Kulwa amenyamaza.

Katekista alisema asiyebatizwa hazikwi kwenye makaburi ya kanisa, kanuni ni kanuni. Basi alfajiri bibi akamzika mwenyewe chini ya ukingo wa paa.

"Maji yaliyopita juu ya kanisa si maji ya bure," aliniambia. "Yatamfikia, kidogo kidogo."

Hata alipokuwa anakata roho alikuwa akiuliza kama mvua imenyesha.

Nilimwomba fundi wa mifereji auache wazi upande wa ziwani. Alikuwa kijana mwenye adabu.

"Shikamoo mama. Upande huo ndio ulikuwa unaliwa na maji kuliko wote. Tukiuacha, ukuta utalala chini."

Alikuwa anasema kweli. Wataalamu wameyapiga picha matao, vioo vya rangi na mbao za dari. Kulwa hayumo, na sikuwa na ujasiri wa kumtaja mbele ya watu wenye kamera.

Mchana ule ikanyesha. Nilisimama mahali petu nikaisikia mvua ikipita juu yangu ndani ya bati, ikaangukia tangini upande wa pili. Ile sauti ya matone imekwisha, sauti niliyokulia ndani yake. Nilisikiliza pumzi, sikuisikia. Hofu iliyonishika sijui niieleze vipi.

Nilizunguka hadi kwenye bomba la tangi, nikaomba kopo kwa mama anayempikia paroko. Aliniona nimelowa chapachapa, akanipa bila kuuliza. Nilijaza mpaka juu. Kutoka pale hadi ukutani si mbali, na mimi ni mtu mzima mwenye magoti mabovu, tena hakuna aliyekuwa ananisubiri. Nilikimbia.