Shangazi Aingia Kwenye Umeme

Mama mmoja alikuwa ameshona nguo za watu tangu usichana wake, na kwa kweli alikuwa amechoka kukaa. Siku kijana mmoja, fundi umeme wa mtaani, alipokuja kumrekebishia soketi ya cherehani, mama huyu alimtazama hadi akamaliza, kisha akasema, "Nifundishe kazi hii."

Kijana alicheka mpaka bisibisi ikamponyoka. "Shangazi, huku ni kupanda ngazi!"

"Kwani hii miguu nimeazima?"

Basi akawa mwanagenzi, na jina la Shangazi likamganda. Mwanzoni alipewa kuchimba mifereji ya nyaya ukutani na kufagia vumbi. Mwingine angenuna, yeye alichimba huku akiuliza. "Mbona waya huu mnene kuliko ule?"

"Huo ni wa jiko. Jiko linakula umeme mwingi, mwembamba ungeungua."

Jioni alifunga swichi na balbu kwenye ubao usio na umeme juu ya meza ya chakula, akazifungua, akazifunga tena, huku mumewe akilalamika kwamba anakula chakula chenye misumari.

Kisha ikaja kazi ya saluni mpya. Ufunguzi ulikuwa kesho yake, na kijana akateguka mguu.

"Malizia wewe, Shangazi. Mimi nitakaa hapa nikuangalie."

"Ukinikodolea macho nitakosea."

"Haya, nafumba." Hakufumba.

Shangazi alikata umeme kwenye swichi kuu, akapima kwa testa, akaunganisha nyaya, akaurudisha. Akabonyeza. Saluni giza vilevile. Ila kutoka chooni ikasikika sauti ya mwenye saluni: "Asanteni jamani! Nilikuwa napapasa humu!"

Walicheka hadi machozi. Kijana akataka kuinuka.

"Kaa hapo. Usiniambie kitu."

Akakata umeme tena, akafungua boksi la swichi, akafuata waya mmoja mmoja kwa kidole. Nyaya mbili alikuwa amezibadilisha nafasi, ule wa taa za vioo na ule wa choo. Akazirekebisha, na safari hii taa zote juu ya vioo zikawaka. Akajiona kiooni, kichwa cheupe kwa vumbi, meno yote nje.

"Fundi," mwenye saluni akaita, "feni ya nyumbani kwangu haizunguki. Utakuja lini?"

Kijana akafungua mdomo kujibu.

"Si wewe. Namuuliza yeye."

Siku hizi kwa kazi ndogo Shangazi anakwenda peke yake. Akikwama anampigia kijana simu, naye, hata awe mezani, huweka kijiko chini na kumjibu.