Miezi Mitatu ya Redio ya Bure

Gari nililonunua mjini Coon Rapids, huku Amerika, lilikuja na miezi mitatu ya redio ya satelaiti bila malipo, na katika miezi hiyo niliipiga redio ile ngumi mara tano. Mara ya tano kioo chake kilipasuka na ngozi ya vidole vyangu ikachanika. Binti yangu wa miaka kumi na mmoja alikuwa amekaa kando yangu. Alitoa karatasi laini kwenye begi lake la shule, akanipa nijifute damu, na kesho yake akafungua mlango wa nyuma, akakaa nyuma.

Kuanzia hapo, swali la kama redio ile inastahili kulipiwa kila mwezi muda wa bure ukiisha liligeuka kuwa swali jingine. Mke wangu ndiye aliyelisema, amesimama jikoni na sare yake ya hospitali, hata viatu hajavua.

"Sikiya. Ile redio haina shida. Shida ni weye. Siku utamupiga mutoto juu ya redio, miye na yeye tunaenda, na hautajua tuko fasi gani."

"Sijamugusa."

"Bado," alisema.

Namjua mke wangu. Hatishii mtu kwa ajili ya kutisha. Nilikasirika, nikatoka nje bila koti, nikaupiga teke mlima wa theluji uliosukumwa pembeni mwa njia. Ulikuwa umeganda kuwa barafu, nikarudi ndani nikichechemea, na hakuna aliyenipa pole.

Kosa langu lilianza siku ya kununua. Muuzaji alinionyesha antena ndogo nyeusi kama pezi la samaki juu ya paa, akasema mawimbi yake yanatoka angani, hayategemei mnara. Nikamuuliza kama inashika popote. Akasema popote. Yeye alikuwa anaifikiria Amerika yake, jangwa na milima. Mimi niliyezaliwa Kivu nilifikiri nyumbani. Redio yetu ya utotoni ilikuwa kisanduku cha betri nne, na usiku ilishika Ulaya. Sasa hii ya angani, ndani ya gari la kisasa, ingeshindwaje kushika Bukavu? Nilitia sahihi haraka kama mtu anayeogopa kunyang'anywa.

Jumamosi nzima nilikaa ndani ya gari nikipita idhaa moja baada ya nyingine. Muziki wa madereva wa malori, mpira, wahubiri, watu wanaocheka mizaha yao wenyewe. Hata niligeuza gari, pua ikaelekea mashariki, kama tulivyokuwa tukiigeuza redio kwetu ili ishike vizuri. Majirani zangu wa Crystal, mji tunaoishi, waliniona nikienda mbele na kurudi nyuma mahali pa kuegesha, wakafunga mapazia. Kiswahili hakikuwepo. Hiyo ndiyo ilikuwa ngumi ya kwanza.

Nilichokipata ni idhaa moja ya habari za dunia, kwa Kiingereza, kila saa. Mara mojamoja msomaji alitaja mashariki ya Kongo. Sentensi mbili, labda tatu, halafu anahamia kwenye bei ya mafuta. Kwa ajili ya sentensi hizo mbili nilikuwa tayari kulipa mwezi baada ya mwezi. Wenzangu wa kazini, kule ghalani, walinicheka. Walisema simu yangu ina redio zote za nyumbani, nini kinanisumbua? Sikuweza kuwaeleza. Simu kila mtu anaongea ndani yake, mwongo na mkweli. Habari, kwangu mimi, lazima itoke kwenye kisanduku, na nyumba nzima iwe kimya.

Nilimwuliza hata mdogo wangu, anayekaa Apple Valley.

"Yaya, miye usiniulize mambo ya redio," alisema, akiniita kama kwetu anavyoitwa kaka mkubwa.

Gari lake lina tundu mahali pa redio. Aliing'oa siku ileile aliyolinunua, na ndani ya tundu anaweka glavu. Nilijua kwa nini, nikabadilisha mazungumzo upesi.

Kwetu, saa ya habari ya jioni ilikuwa na sheria zake. Mama aliacha kutwanga sombe, majani ya muhogo. Mlango ulifungwa ili kuku wasiingie. Betri zilizokuwa zimeanikwa juani mchana kutwa ziliingizwa, baba akaiweka redio gotini, akasema neno moja tu: "Habari!" Baada ya neno hilo hakuna aliyeruhusiwa hata kukohoa. Msomaji alikuwa akisoma majina ya vijiji ambako watu wenye silaha walikuwa wameonekana siku hiyo, na ukilikosa jina umekosa njia ya kukimbilia. Antena ya redio ile ilikuwa imelegea, ilichomoka kwa urahisi, na baba aliitumia kutuchapa. Ilikuwa nyembamba na ilikata. Mimi ninayo alama yake nyuma ya sikio la kushoto, na mke wangu anapoipitishia kidole huwa namwambia nilianguka.

Jioni moja mdogo wangu alicheka. Alikuwa na miaka minane, mimi kumi na miwili. Sikumbuki alichekea nini. Nafikiri mbuzi wa jirani alikuwa amepenyeza kichwa dirishani. Baba alichomoa antena, akamchapa mgongoni, kichwani, kwenye mikono aliyokuwa akijikingia. Alimchapa mpaka mtoto akajikojolea. Mama alisema basi, inatosha, akachapwa naye mara moja mkononi. Kisha baba akairudisha antena mahali pake, na msomaji alikuwa tayari kwenye matangazo ya vifo na harusi.

Asubuhi watu wenye silaha walikuja kwa njia ya mtoni. Mama alikuwa ameinama anawasha moto. Walimkata kwa panga pale pale, mara mbili, na sufuria ikamwangukia. Sisi watatu tulipita nyuma kwenye migomba, na nilipogeuka niliona mguu wake bado unasogea. Tulikimbia siku tatu. Kule tulikofika tulikuta watu waliosikia habari jioni ile. Wakamwambia baba kuwa jina la kijiji chetu lilisomwa, la nne au la tano.

Baba alimgeukia mdogo wangu mbele ya watu wote. "Kicheko chako kimeua mama yako," alisema. Alilirudia neno hilo katika kambi ya wakimbizi miaka na miaka, akiwa na hasira na akiwa mlevi, hata siku aliyokata roho alilisema. Mdogo wangu alikua na neno hilo. Ni mtu mzima sasa, ana watoto, ana nyumba, na sijamsikia akicheka kwa sauti. Akifurahi sana hufunga mdomo kwa mkono.

Lakini mimi nilikuwa nimekaa karibu na goti la baba. Antena ilipochomoka, sauti ilikufa papo hapo. Ilibaki kelele kama mvua juu ya bati. Kicheko cha mtoto hakikufunika jina lolote. Redio ilinyamazishwa na mkono wa baba. Nililijua hilo jioni ileile. Kwanza sikulisema kwa kuogopa kipigo. Baadaye baba alikufa, na sikulisema kwa aibu ya kuchelewa. Miaka ikapita hivyo hivyo.

Basi turudi kwenye gari. Ilikuwa Alhamisi, juma la mwisho la bure. Nilimchukua binti yangu shuleni nimpeleke kwenye mazoezi ya kwaya. Kiti cha nyuma kilikuwa kimejaa spika za kanisa, kwa hiyo akalazimika kukaa mbele. Alikaa ameegemea mlango, begi kifuani. Niliona hilo na lilinichoma, nikajiapiza kuwa leo nitakuwa mpole.

Saa ikagonga, habari zikaanza, na msomaji akaanza na mashariki ya Kongo. Akasema kuna mji umeshambuliwa. Akafungua kinywa kuutaja, na sisi tukaingia chini ya daraja la barabara kuu. Redio ya angani hukatika chini ya daraja. Ilikuwa imeshanifanyia hivyo, lakini si kwenye jina. Kioo kilichopasuka kikaandika kuwa hakuna mawimbi. Nilipiga usukani, nikatukana kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Tukatoka upande wa pili, sauti ikarudi, na wakati huohuo mtoto akasema, "Papa."

Niliinua mkono juu ya uso wake, kiganja wazi, na nikatoa neno la baba yangu kwa sauti ya baba yangu.

"Habari!"

Akafumba macho, akajikinga kwa mkono, akanyamaza.

Sikumpiga. Nataka liandikwe hivyo, ingawa halinisaidii. Mkono ulikuwa bado hewani lori dogo la kubeba mbao lilipotugonga upande wake. Mlango uliingia ndani. Gari lilizunguka juu ya barafu, likagonga nguzo, vioo vikamwagika juu yetu, spika moja ikaruka na kunipiga kisogoni. Nilipoinua kichwa, uso wa mtoto ulikuwa na damu kutoka kwenye nywele hadi kidevuni, na mkono wake wa kulia ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Redio haikudhurika. Ilikuwa imefika kwenye michezo. Niliipiga kwa kisigino mpaka ikatoka mahali pake ikining'inia kwa nyaya, na bado ilikuwa inaongea.

Hospitalini walimshona paji la uso na kusema mkono umevunjika sehemu mbili. Mke wangu alikuwa zamu katika hospitali yake Coon Rapids, hana wa kumpokelea wagonjwa wake, akasema nimpeleke mtoto nyumbani, zamu ikiisha atatusubiri huko. Alisema hayo tu, kisha akakata simu. Nilimpigia mdogo wangu, akaja kutoka Apple Valley, na lazima aliendesha vibaya, kwa sababu alifika kabla sijamtarajia. Alisimama kando ya kitanda ameshika koti la mtoto lililojaa damu.

Muuguzi alimwuliza binti yangu kama aliliona lori likija. Akajibu kwa Kiingereza, polepole, kwa sababu mdomo ulikuwa umevimba. Alisema aliona taa ni nyekundu. Alitaka kuniambia. Lakini ilikuwa habari.

"Ni kosa langu," aliongeza. "Niliongea kwanza, nikamkasirisha."

Nilimtazama mdogo wangu. Alikuwa anatazama sakafu, na mkono wake ulikuwa umeshapanda mdomoni.

Nilimshika mtoto mguu, sehemu pekee isiyouma, nikamwambia si kosa lake hata kidogo, ni langu, peke yangu. Aliitikia kwa kichwa kama watoto wanavyowakubalia wakubwa ili waache kusema. Walipoanza kumfunga plasta, nilimwomba mdogo wangu tutoke mara moja. Tulishuka mpaka kwenye maegesho.

"Haikuwa kicheko chako," nilisema. "Papa alichomoa antena ili akupige. Redio ikakufa mu mikono yake. Ni pale jina lilipita. Niliona."

Alinigeukia.

"Uliona lini?"

"Ile siku."

Alinipiga mdomoni. Nilianguka kwenye mlango wa gari la mtu, na nilipoinuka akanipiga tena, na safari hii jino lilitoka. Mdogo wangu si mgomvi, hajui hata kukunja ngumi vizuri. Nilisikia kidole chake kikilia. Alinishika kola, akanigongesha kwenye nguzo ya saruji, mara moja, mbili, tatu, akilia kwa sauti ya mtoto wa miaka minane. Mikono yangu niliiacha chini. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kuishinda.

"Kila mara nikitaka kucheka naona mama," alisema. "Kila mara. Na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Aliniachia. Akaenda kuegemea gari lake, akatoa glavu kwenye tundu la redio, akanitupia nijizuie damu.

Tuliondoka kabla giza halijaingia. Binti yangu alikaa mbele, plasta yake nyeupe juu ya mapaja, kando ya baba yake mdogo. Mimi nilikaa nyuma na glavu mdomoni. Kisha mdogo wangu akamwuliza kwa Kiswahili juu ya shule, naye akajibu kwa Kiingereza, kama kawaida yao. Akaanza kueleza habari za mwalimu wao wa sayansi, ambaye sungura wa darasani alitoroka akamtafunia nyaya za tarakilishi, na mwalimu akatambaa chini ya meza suruali ikapasuka. Alieleza taratibu, akirudi nyuma, akisahihisha, akiiga sauti ya mwalimu kwa mdomo uliovimba.

Mdogo wangu alitoa sauti. Ilikuwa fupi na mbaya, kama mtu aliyepaliwa, na mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye usukani.

Mtoto alimtazama, kisha akageuka kunitazama mimi, kuangalia kama inaruhusiwa. Nilimwambia aendelee.

Simu yangu ikaita mfukoni. Nilipokea. Mwanamke mwenye sauti ya upole alisema anapiga kutoka kampuni ya redio, kwamba muda wangu wa bure unaisha kesho, na je, nimeamua? Mbele, sungura alikuwa bado hajapatikana. Mke wangu alikuwa anatusubiri Crystal, na nilijua ninalokwenda kumweleza, na nilijua atakalojibu. Yule mwanamke akauliza tena kama namsikia. Mtoto alikuwa anaongea, kwa hiyo nikakata simu.